Shambulio Likitokea Chuo cha Mbali
Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na wanafunzi wa vyuo, Diff

  Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi huniuliza kwa simu lakini si mbele za watu: je, chuo kingine kikishambuliwa, mtoto wangu aliye Eldoret au Nairobi afanye nini, na mimi niliye hapa Diff nifanye nini?

Niseme mapema kwamba usalama ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haina polisi. Kazi yangu ni habari, na leo nitabaki kwenye habari.

Mfano tunao karibu, hatuna haja ya kwenda Marekani kuutafuta. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Moi. Karibu saa 15 baadaye mambo yalipokwisha, watu 148 walikuwa wameuawa. Kati yao 142 walikuwa wanafunzi, wengine polisi na wanajeshi. Al-Shabaab walisema ni wao. Waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, na hilo ndilo lililoamua mambo mengi yaliyofuata katika vyuo vingine vyote nchini.

Hayo mnayajua. Yanayosemwa kidogo ni ya vyuo vingine.

Jumanne iliyofuata, wanafunzi waliandamana Nairobi wakidai ulinzi. Jioni watu walikusanyika Uhuru Park na kuwasha mishumaa. Hesabu iliyotangazwa kwanza ilikuwa 147, na Wakenya wakasema hao si namba. Wakaanza kusambaza majina na picha: huyu alikuwa anasomea ualimu, huyu alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Garissa kwenyewe wakazi walitoka barabarani kuwapinga wauaji. Mimi kama mtu wa habari naona majina yale yalifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za wiki ile, na sisi maafisa wa serikali tulistahili kuyatoa mapema zaidi.

Lakini hofu nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Aprili, siku kumi tu baada ya Garissa, kulitokea mlipuko wa umeme katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walioamshwa na kishindo waliamini ni wao sasa. Wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Hapakuwa na bunduki hata moja.

Kisha tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama. Milio ya risasi ilisikika, na wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Watu waliruka madirishani, wengine wakajificha juu ya kuta. Mfanyakazi mmoja alianguka akafariki, na makumi wakajeruhiwa. Chuo kiliomba radhi.

Tazameni hapo. Watu wawili walikufa Kikuyu na Strathmore kwa sababu ya shambulio lililotokea Garissa, na aliyewaua hakuwa na silaha. Ndiyo maana nasema habari sahihi ni sehemu ya ulinzi. Wamarekani, baada ya wanafunzi na walimu 32 kuuawa Virginia Tech mwaka 2007, vyuo vyao vilianza kutuma ujumbe wa simu kwa kila mwanafunzi pale tu jambo linapotokea. Kijana, ukifika chuoni juma la kwanza, uliza: hapa tunaarifiwa vipi? Mlango wa pili wa bweni uko wapi, na ufunguo wake uko kwa nani? Bweni lenye mlango mmoja na madirisha yenye vyuma ni hatari hata kwa moto wa kawaida. Usione haya kuuliza.

Mwaka ule mimi nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari katika chuo ambacho sitakitaja. Askari wa langoni, ambaye siku zote alitupungia mkono, alianza kutupekua mikoba, na sisi wa kaskazini alitupekua mara mbili. Ukiingia maktaba na mkoba mkubwa, meza inahama. Neno "waria" ambalo lilikuwa mzaha likawa na makali. Vijana wetu wengine walikaa vyumbani siku tatu, wanakula chai na mkate. Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa Kakamega. Mama yake alimpigia simu akamwambia ahame chumba usiku huohuo. Aliweka simu kwenye spika, akasema, "Mama, huyu hapa, msalimie." Nikamwamkia. Mama alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama wazazi wangu wamenipigia, na kama nimekula. Hakuhama.

Vijana, mtakutana na wote wawili, wa kuhamisha meza na wa kuweka simu kwenye spika. Nashauri msijifungie. Nendeni kwenye mkesha wa maombolezo, simameni na wenzenu. Msiende kwa sababu mnatakiwa kuthibitisha kitu. Nendeni kwa sababu waliokufa ni wanafunzi kama nyinyi. Na mtu akikudhulumu kwa kabila au dini, andika tarehe, mahali na maneno, peleka kwa mkuu wa wanafunzi. Usijibu kwa mtandao saa sita usiku.

Sasa wazazi. Hapa nitasema jambo zito kidogo, na naomba mnivumilie.

Mmoja wa wale wanne waliovamia Garissa alikuwa kijana wa Mandera aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu. Kijana alipotoweka, mzee yule alikwenda kwa wakubwa akasema: mwanangu haonekani, naogopa amevuka mpaka. Alisema kabla ya shambulio. Mzee huyo alifanya lililo gumu kuliko yote kwa mzazi, na bado alibaki na msiba na aibu isiyokuwa yake.

Najua mnachofikiri, kwa sababu nimekisikia kwenye vikao vingi: nikiripoti, mwanangu atachukuliwa na sitamwona tena. Hofu hiyo haikutoka hewani. Baada ya Garissa sisi wa huku tuliwekewa kafyu, Wajir, Garissa, Mandera na Tana River, na kampuni za hawala zikasimamishwa, mama akashindwa kupokea pesa ya karo kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Watu walihisi wanaadhibiwa kwa kosa la wengine. Siwezi kusimama hapa niwaambie hofu hiyo ni upuuzi. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: msiende peke yenu. Nenda na imamu, na mzee wa ukoo, na chifu, na jina la ofisa aliyepokea taarifa liandikwe pamoja na tarehe. Taarifa yenye mashahidi watatu haipotei kirahisi, wala mtoto aliyetajwa humo.

Na msisubiri atoweke. Simu ya kijana inayozimwa wiki mbili, masomo aliyoacha bila kusema, marafiki ambao hawajulikani na mtu nyumbani: uliza mapema. Mpigie mwenzake wa chumba. Hifadhi namba yake, ya mwenzake huyo, na ya ofisi ya wanafunzi. Wazazi wengi hapa wana namba moja tu ya mtoto, na siku ya msukosuko mtandao hukwama. Mwaka 2015 wazazi walisubiri Nyayo Stadium na Chiromo kwa siku kadhaa kupata jibu la ndiyo au hapana.

Kuhusu WhatsApp nitasema kwa ufupi. Picha ya maiti usiisambaze, huenda mama yake yuko kwenye kundi hilo. Sauti isiyo na jina wala mahali, isiishie mikononi mwako, ifute. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199, ambapo pia kuna watu wa kuzungumza na kijana asiyeweza kulala.

Mtu ataniuliza, je, tuache kuwapeleka? Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016, na kituo cha polisi ndani ya uwanja. Wanafunzi wa awali walikuwa wamehamishiwa Moi, Eldoret, na waliorudi mwanzoni walikuwa wachache, wengi wao watu wa huku. Mwaka 2017 chuo kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani watu watatu. Sisi nasi tumelipa: mwaka 2018 huko Qarsa, hapa Wajir, walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa, na walimu wengi wasio wa huku wakaondoka. Madarasa yale yanahitaji walimu, na baadhi yao wamekaa hapa mbele yangu leo, mwaka wa pili na wa tatu wa ualimu.

Chifu ananiambia kuna maswali. Fomu za basari ziko kwa mwenzangu pale mlangoni. Tuanze na yule mama wa nyuma.