Mshindo wa Ekzosi na Mali ya Mkulima
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya mafundi wa karakana ya Chama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hesabu za mazao na mikopo zilizokwisha kusomwa. Jambo lenyewe ni pikipiki inayovuja moshi na kupiga mishindo kama ya bunduki. Wengine watacheka. Lakini mtu aliyekwama alfajiri na makreti ya nyanya, naye hajaufikia Mtaa wa Msimbazi, hatacheka. Maana anajua kwamba nyanya haimngojei fundi.

Kariakoo yetu ilipata jina lake kwa wachukuzi wa mizigo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam mwaka 1916, mahali pale palikaa kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wachukuzi wa kichwa na wa mikokoteni wangalipo hata leo, lakini pikipiki nayo imekuwa mpagazi wetu. Basi mpagazi huyu akikohoa, yatupasa tujue anaumwa wapi kabla ya kumnunulia dawa.

Injini ya pikipiki zetu nyingi ni ya mapigo manne: huvuta hewa na petroli, huvibana, huviwasha, kisha hutoa moshi. Ili kilo 1 ya petroli iwake sawasawa, yahitaji karibu kilo 15 za hewa. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, nguvu yake hulizungusha gurudumu. Lakini mara nyingine sehemu ya petroli hutoka bila kuwaka, ikaingia pamoja na moshi katika ekzosi yenye joto kali. Hapo aghalabu hupita kimya, kwa kuwa ndani ya ekzosi iliyofungwa vema hewa ya kuiwasha ni chache.

Maungio yakiwa na upenyo, mambo hubadilika. Watu wengi hudhani kwamba upenyo hutoa moshi tu. Sivyo. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, bali hutoka kwa mapigo. Na kila pigo likipita huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo huingiza hewa ya nje kwa upenyo ule ule. Petroli, hewa na joto vikikutana, mshindo hutokea. Ndiyo sababu husikika zaidi dereva anapoachia mafuta, kwa mfano anapoteremka kutoka Magomeni kwenda Jangwani, kwa maana wakati huo injini haiwashi vizuri na petroli nyingi hupita bila kuungua.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mshindo si ugonjwa wenyewe. Mshindo ni habari ya ugonjwa. Imetokea zaidi ya mara moja mwenye pikipiki akanunua kabureta mpya, kisha plagi, kisha koili, na mshindo ukabaki pale pale. Kumbe kilichoharibika ni gasketi, pete ndogo inayokaa kati ya bomba la ekzosi na injini, ambayo bei yake haikaribii bei ya kabureta. Fedha hizo zilikuwa mbegu, zilikuwa mbolea, zilikuwa ada ya mtoto. Shauri letu kuu ni hili: aanzaye kutafuta kosa aanze kwenye maungio ya ekzosi, kisha ndipo aende kwingine.

Kazi yenyewe ifuate taratibu. Kwanza, injini ikiwa baridi, tazama mahali bomba linapoungana na injini. Ukiona masizi meusi yametapakaa nje ya maungio, moshi unapita hapo. Kama huoni kitu, koroga sabuni katika maji, paka povu kwa brashi kwenye maungio yote, kisha washa injini. Mahali panapovuja povu litafura na kupasuka. Fanya upesi, kwa kuwa bomba hupata moto mara moja, na mkono uliounguzwa na ekzosi hauwezi kushika jembe.

Pili, ikiwa gasketi ndiyo mbovu, ondoa ya zamani yote. Wengine huiacha ndani ikiwa imeganda, wakaweka mpya juu yake, hiyo haitakaa. Gasketi iliyokwisha kubanwa isirudishwe, kwa sababu imekwisha kulala na haitajaza tena nafasi yake. Safisha kikalio chake, weka mpya, kisha kaza nati mbili za mbele kidogo kidogo kwa zamu, hii mara moja na ile mara moja, ili bomba likae sawa. Bolti ya nyuma inayoishika ekzosi kwenye fremu ifungwe mwisho. Ukiikaza hiyo kwanza, bomba litakaa kwa kulazimishwa, na baada ya mashimo machache ya barabarani gasketi itavunjika tena. Wala msitumie nguvu za kusukuma trekta: kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na meno ya bolti yakichunika, gharama ya shilingi chache hugeuka gharama ya maelfu. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiisha kupoa, pitisha spana mara nyingine.

Tatu, bomba likiwa limetoboka kwa kutu, lisizibwe kwa matambara wala kwa udongo. Pale Gerezani wapo mafundi wa kulehemu wenye mikono mizuri. Lakini ekzosi ifunguliwe kwanza na kupelekwa peke yake. Isilehemiwe ikiwa bado kwenye pikipiki, karibu na tangi la petroli.

Nne, ikiwa maungio yote ni mazima na mshindo haukuisha, sasa ndipo tunapotazama kwingine. Tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka huingiza hewa ya wizi, na petroli hupungua kulingana na hewa. Safisha tundu dogo la kabureta linalolisha injini katika mwendo wa chini, kwa kuwa takataka kidogo ya petroli ya madebe yatosha kuliziba. Fungua plagi uisome: ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, ni njema, ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Na mshindo ukitokea kwa upande wa kabureta, aghalabu ni valvu isiyofunga sawasawa, au cheche inayotoka si kwa wakati wake, au petroli iliyopungua. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo, isikisiwe.

Kuna vijana wetu ambao huikata ekzosi kwa makusudi, au huing'oa matumbo yake, wakidhani kelele ni nguvu. Twawaambia kwa upendo: kelele haiongezi hata debe moja la mzigo. Huwaamsha wagonjwa na watoto wa Kariakoo na Ilala usiku wa manane, na tena humziba masikio dereva mwenyewe, asiweze kusikia injini yake inapoanza kulalamika.

Yapo pia mambo mawili ya hatari. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Pikipiki isiwashwe kabisa ndani ya ghala, hata kwa dakika chache za kupasha injini. Jambo la pili ni moto. Sote twaukumbuka moto ulioliunguza Soko la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Hatuutaji kwa kutaka kueleza chanzo chake; twautaja kwa sababu ulituonyesha jinsi mali ya miaka mingi inavyoteketea kwa usiku mmoja. Pikipiki inayotema cheche haina haki ya kusimama karibu na magunia makavu na madumu ya petroli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa tunaomba ruhusa tuseme jambo ambalo si la spana. Madereva wengi wanaobeba mazao ya wanachama husikia mshindo siku ya kwanza, lakini hunyamaza, kwa sababu gharama ya matengenezo hukatwa katika ujira wao. Hivyo gasketi ya siku ya kwanza huwa valvu iliyoungua ya mwezi wa tatu, na mkulima ndiye alipaye kwa mazao yaliyooza njiani. Tunaiomba Halmashauri mambo matatu. Kwanza, dereva aletaye habari ya kosa mapema asikatwe senti. Pili, kila pikipiki ya Chama iwe na daftari lake, kiandikwe kilichobadilishwa na tarehe yake. Tatu, ghala la vipuri lisikose gasketi, plagi na mipira ya kabureta, ili mtu asipoteze siku ya soko akizunguka madukani kutafuta kitu cha kukaa kiganjani.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo ilivyo kwa ekzosi, na ndivyo ilivyo kwa Chama. Mahali tunapoungana, mkulima na mpima mizani, mpima mizani na dereva, dereva na karani wa soko, ndipo mali inapovuja ikiwa hatutazami. Miaka 10 hii mmeyatunza maungio hayo kwa jasho lenu. Sisi wa karakana twaahidi kuyatunza yaliyo ya chuma. Nanyi, tafadhali, tuleteeni pikipiki zingali zikikohoa, msingoje mpaka zizime.