Kuingia kwa Mbali katika Simu ya Mkononi: Nani Anashika Ufunguo?

Maneno ya Ofisa Mawasiliano wa Baraza kwa wakaazi wa Michenzani



Simu nyingi tulizonazo hapa zinatumia Android, na kiini cha Android ni Linux, mfumo ule ule unaoendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti duniani. Kwa hiyo simu kongwe yenye kioo kilichopasuka, ambayo mwenyewe ameitia kabatini, bado ni kompyuta. Kijana mwenye programu ya kuingia kwa mbali anaweza kuiendesha kutoka kompyuta nyengine iliyo katika mtandao huo huo, akajifunza kuandika programu au akahamisha mafaili yake bila ya kuigusa. Hata ikiwa ghorofa ya juu katika Nyumba zetu za Maendeleo, hana haja ya kupanda ngazi. Na ngazi zetu mnazijua.

Programu hiyo huitwa SSH. Aliiandika Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, mwaka 1995, baada ya mtandao wa chuo hicho kuvamiwa na watu walionasa maneno ya siri. Zama hizo neno la siri lilisafiri wazi, mithili ya barua isiyo bahasha. SSH huyafumba mazungumzo yote, asiyehusika asiyasome.

Kuiweka si kazi kubwa. Huwekwa kwanza Termux, kisha ndani yake huandikwa amri «pkg install openssh», halafu «passwd» ya kuweka neno la siri, na «sshd» ya kufungua mlango. Mlango wake ni namba 8022, si 22 iliyozoeleka, kwani Android haiziruhusu programu za kawaida kufungua milango iliyo chini ya 1024. Dakika chache tu, na wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi.

Mwezi wa Novemba 2009, huko Australia, simu za iPhone zilianza kubadilika picha ya kioo, ikatokea sura ya mwimbaji Rick Astley. Wenyewe walikuwa wamezivunja kufuli za kiwandani, wakaweka SSH, wakaliacha neno la siri la asili, «alpine», ambalo kila mjuzi alilijua. Watu walicheka. Kabla ya mwezi kwisha, kirusi cha pili kilipita mlango huo huo kikiwalenga wateja wa benki moja ya Uholanzi, na hapo kicheko kilikwisha.

Basi vijana wetu, msitegemee neno la siri peke yake. Tengenezeni jozi ya funguo kwa amri «ssh-keygen»: ufunguo wa siri ubaki katika kompyuta yako, wa hadharani uwekwe katika simu. Ukishahakikisha unaingia kwa ufunguo, andika «PasswordAuthentication no» katika faili la mipangilio la sshd, kisha uiwashe upya. Ukimaliza kazi, izime kwa «pkill sshd», hasa kama umo katika waifai ya hoteli au ya mkahawa.

Wazee wangu, nanyi mnahusika. Zipo programu nyengine za kumwonesha mtu wa mbali kioo chako, na matapeli huzipenda. Mtu asiyejulikana akikupigia, akajiita mhudumu wa benki au wa kampuni ya simu, akakuelekeza uweke programu «ili akusaidie», kata simu. Kuingia katika kifaa cha mtu bila ya idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar. Namba iliyotuma ujumbe wa utapeli iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Na anayeuza simu yake Darajani, kwanza aifute yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani.