Mtoto Ashike Kikombe Mwenyewe

(Mazungumzo ya walezi wa kituo cha watoto wadogo mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Uji wa saa 4 pale kituoni unapikwa kwa unga mliouchanga ninyi wenyewe. Leo hatukuja kuomba unga. Tumekuja kusema kwamba wako watoto wanaorudi nyumbani na njaa, na huku uji umebaki sufuriani.

Walezi tuko wawili tu. Mtoto wa miaka 2 na nusu anakaa mbele ya kikombe, mikono mapajani, kinywa wazi, anangoja kulishwa. Mpaka zamu yake ifike, uji umepoa na yeye kasinzia. Juzi tulidhani mmoja anaumwa, kumbe nyumbani hajaachiwa kushika kijiko hata siku moja. Mama yake alitueleza bila kuficha: akishika mwenyewe anamwaga, na unga ni ghali. Tulimwelewa.

Nasi tuna kosa letu. Tukizidiwa, tulikuwa tunawanywesha haraka haraka ili tuoshe vyombo. Hilo tumeacha. Mtoto anayenyweshwa kwa nguvu huku analia hupaliwa, na uji unaweza kupita njia ya hewa. Ni hatari.

Mikono ya mtoto huanza kazi mapema kuliko tunavyodhani. Akiwa na miezi 9 au 10 hivi huokota punje ya wali kwa vidole viwili. Basi mwekeeni vipande vya ndizi mbivu au kiazi kilichoiva sana, aokote, nanyi mkae naye. Akipata mwaka, mpeni kikombe kidogo akishike kwa mikono miwili, ndani uji wa mafunda mawili matatu. Akimwaga, kamwaga kidogo. Akimaliza, mwongezeni. Kijiko huchelewa. Chukueni kile cha chai, mwanze na viazi vya kuponda vinavyoshika kijikoni, maana uji mwepesi huishia kifuani. Mmoja ataweza upesi, mwingine baadaye; msiwalinganishe.

Hata jikoni wana kazi: kumenya ndizi, kusuuza kikombe chake. Maharage asichezee peke yake, ataingiza puani. Karanga nzima asile kabla ya miaka 5, zinakaba koo.

Kuna waliouliza juu ya mkono wa kushoto. Adabu ya kulia mtamfundisha taratibu, ila msimpige. Kwanza chakula kifike kinywani.

Kibuyu chirizi tumekifunga chini, wanakifikia wenyewe, sabuni ipo. Kuanzia Jumatatu kila mtoto aje na kikombe chake cha plastiki au bati, chenye mkono na alama yake. Na ninyi kaka na dada mnaowalisha mchana mama akiwa shambani, haya yanawahusu. Atakayemwaga kituoni, sisi tutapangusa.