Jitangazeni Mkiwa na Kazi



Nianze na wazazi. Mlilipa ada mkiulizwa na majirani kama kupamba ukumbi nako kunasomewa. Mlivumilia nyumba zilizojaa maua ya majaribio, unga wa keki na vipande vya vitambaa kutoka Kariakoo. Leo mmekuja kuwaona watoto wenu wamevaa majoho, na furaha hii ni yenu kwanza. Hongereni sana.

Wahitimu wetu wa mapambo, upishi, keki, upigaji picha, urembo wa maharusi na ushereheshaji, walimu wenu wamewafundisha kazi, na nimeiona pale kwenye maonesho nje ya ukumbi. Sina cha kuwaongezea juu ya namna ya kukunja kitambaa au kusimamisha keki ya ngazi tano. Mimi ni mpambaji, nimeishi kwa kazi hii, na nimeombwa niseme neno moja la kuwasindikiza. Neno langu ni hili: jitangazeni mkiwa na kazi, na msiache.

Najua methali itakayonijibu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, na mafundi wengi wa shughuli zetu huishika methali hiyo wanapoulizwa mbona hawasikiki. Lakini ipimeni na kazi yenu wenyewe. Seremala akitengeneza kabati zuri, kabati linakaa sebuleni miaka 20, na kila mgeni anayeingia anauliza limetengenezwa wapi. Kabati hilo linajiuza kweli. Kazi yenu haina umri huo. Mpambaji anaingia ukumbini alfajiri ya Jumamosi. Anatundika vitambaa, anapanga maua, anasimamisha jukwaa la maharusi. Jioni watu wanaingia na kustaajabu. Usiku wa manane meneja anataka ukumbi wake, na vyote vinashushwa. Keki imekatwa na kuliwa. Sufuria za pilau zimeoshwa. Maneno mazuri ya mshereheshaji yamekwenda na usiku ule. Jumapili asubuhi hakuna kitu pale. Chema chenu kimeishi saa chache. Kitajiuzaje wakati hakipo tena?

Tazameni pia mteja wenu. Bibi harusi aliyefurahia kazi yako hatarudi mwezi ujao kuolewa tena, na tunamwombea asirudi kamwe kwa sababu hiyo. Kila harusi unayoimaliza, umemmaliza na mteja wake. Hivyo mtu wa shughuli za harusi hutafuta mteja mpya maisha yake yote, na ndiyo maana hawezi kunyamaza hata akiwa hodari namna gani.

Sasa tuseme kuhusu muda, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Harusi zetu hupangwa na kamati. Wanakaa miezi mitatu, minne, pengine zaidi, kabla ya siku yenyewe: kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe waliokabidhiwa mapambo, chakula, vinywaji, usafiri. Kadi za michango zinatembea, ahadi zinafuatiliwa, na mapema kabisa mtu mmoja kwenye kamati anasema, “Mimi namjua mpambaji mzuri.” Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na makanisani mnazijua zile Jumapili tatu za matangazo. Lakini tangazo linaposomwa kanisani, mpambaji ameshapatikana zamani, na mpiga picha ameshapokea kianzio. Anayeanza kujionyesha siku hiyo amechelewa.

Chukueni mfano wa Desemba. Kumbi zote zina watu, kuanzia Mbezi hadi Tabata. Wengine mtaitwa hadi Moshi, kwa sababu wenyeji wa Kilimanjaro hurudi nyumbani Krismasi, na familia ikiwa imekusanyika, harusi na ubarikio hufuatana. Mwezi huo fundi hana muda wa kulala, na kitu cha kwanza anachokiacha ni kujitangaza. Anasema, “Nitajitangaza Januari nikitulia.” Lakini waliokaa kwenye meza za Desemba ndio watakaounda kamati za harusi za Pasaka. Wametazama mapambo, wameonja chakula, mioyo yao ina joto. Wiki ile ile wangependa kuona tena kile walichokiona, na kumwonyesha dada au mchumba. Wanatafuta, hawakuti kitu. Januari fundi anapotulia, wao wameshampata mwingine. Ukame anaoupata Machi aliuandaa Desemba, mwezi ule ambao simu yake ilikuwa haitulii.

Na ukame wetu una kalenda. Katika Kwaresima Wakatoliki na wengine wengi hawafanyi sherehe za harusi. Katika Ramadhani Waislamu wanafunga, na shughuli zinangoja Mfungo Mosi. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla yake, kwa hiyo kumbi zilipumzika kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Pasaka inajulikana miaka mingi mbele. Kwa hiyo kila mmoja wenu aweke kalenda ukutani Januari, atie alama miezi ya kazi na miezi ya utulivu, kisha ahesabu miezi minne kurudi nyuma kutoka kila msimu. Hapo ndipo kamati zinaketi. Hapo ndipo jina lako linatakiwa liwe linasikika.

Mtaniuliza: muda nitautoa wapi? Ijumaa napakia, Jumamosi nafanya shughuli, Jumapili nashusha na kurudisha vitu, Jumatatu nafua vitambaa na kulipa vijana. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba kazi yenyewe ikupe vya kutangaza, na ratiba ikuondolee mzigo wa kufikiri kila siku utasema nini.

Mkiwa ukumbini, mkabidhini kijana mmoja simu yenye chaji kamili, na iwe ndiyo kazi yake. Apige picha ya ukumbi ukiwa mtupu kabla hamjagusa kitu. Apige mikono inayofanya kazi. Apige tena kila kitu kikiwa tayari, dakika 15 kabla milango haijafunguliwa, taa zikiwa zinawaka na viti havijavurugwa. Mwenye kazi hawezi kufanya haya mwenyewe, kwa sababu dakika hizo ndizo taa moja inapogoma kuwaka na mama wa bibi harusi anapouliza meza ya wakwe iko wapi. Mpishi afanye hivyo kabla foleni ya chakula haijaanza, na mwoka keki kabla kisu hakijaletwa.

Kisha tengeni saa moja kila Jumanne asubuhi. Saa moja tu, lakini isiguswe, kama vile usivyogusa saa ya kuingia kanisani na bibi harusi. Katika harusi moja chagueni vitu vitatu. Cha kwanza, ukumbi kabla na baada. Cha pili, jambo moja la kazi mnaloweza kulieleza vizuri: kwa nini mlichagua maua yale kwa ukumbi wenye dari fupi, au namna ya kukadiria chakula cha watu 300 ili kisipungue. Cha tatu, shukrani kwa familia na kwa wenzenu mliofanya nao kazi. Viandaeni vyote siku hiyo, na Facebook na Instagram zina njia ya bure ya kuvipangia siku na saa vitoke vyenyewe. Mkiwa juu ya ngazi Alhamisi, tangazo lenu linatoka bila ninyi.

Msitegemee stetasi ya WhatsApp peke yake. Inafuta picha baada ya saa 24, na hapo mtakuwa mmerudi kwenye tatizo lile lile la kazi isiyoiona kesho. Picha zenu ziwe na mahali pa kudumu: ukurasa wa Instagram, na katalogi ya WhatsApp Business, ambayo hailipiwi. Mjumbe wa kamati akiuliza, mnamtumia kiungo kimoja na anaiona kazi yote. Jueni pia kwamba ujumbe wa pamoja wa WhatsApp huwafikia tu wale waliohifadhi namba yenu. Kwa hiyo kila mkikutana na kamati, waombeni wajumbe wote wahifadhi namba, hata yule wa vinywaji. Mwaka huu anasimamia soda, mwakani atakuwa mwenyekiti wa harusi ya mdogo wake.

Nasisitiza habari ya wajumbe kwa sababu wao ndio wateja wetu wanaorudi. Bibi harusi hurudi kwa njia nyingine: baada ya mwaka mmoja au miwili kuna ubatizo au akika, baadaye kipaimara, mdogo wake ana kichenipati, wazazi wake wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Andikeni kwenye daftari tarehe ya kila harusi mliyoihudumia. Siku ya kutimiza mwaka, tumeni salamu fupi pamoja na picha moja ya siku ile. Tumeni kwa moyo, bila kuuza chochote. Watu hawamsahau aliyekumbuka siku yao.

Kujitangaza ni pamoja na kujibu. Mweka hazina wa kamati anapoomba bei usiku, kesho yake ana kikao, na anataka profoma mkononi. Wekeni ujumbe wa kujibu wenyewe unaosema mtampigia lini, kisha mtimize. Wekeni wazi bei ya kuanzia ya kila huduma na kinachojumuishwa. Familia nyingi zinajua michango yao itafika wapi, na zinamshukuru anayewapa hesabu mapema bila kuwazungusha.

Wahudumieni wenzenu wa shughuli. Mshereheshaji mpeni jina la biashara yenu likiwa limeandikwa vizuri, ili anapowashukuru watoa huduma asikosee. Mpiga picha mpeni nafasi ya kupiga meza kuu kabla watu hawajaingia, na mkiitumia picha yake tajeni jina lake. Meneja wa ukumbi mwachieni ukumbi msafi, na kwa muda aliowapa. Watu hawa wanakutana na maharusi kila wiki, na wanamtaja yule ambaye kufanya naye kazi ni salama.

Sasa la mwisho katika haya, na kwangu ni zito kuliko yote. Semeni kweli. Msichukue picha ya mpambaji wa Nairobi, Lagos au Dubai mkaiweka kwenye ukurasa wenu kana kwamba ni kazi yenu. Familia imechanga, shangazi wameuza mazao, marafiki wametoa walichonacho, na siku ile haina marudio. Mkiahidi kwa picha ya mwingine na kuleta kitu kingine, mmewadhulumu watu mbele ya ndugu zao wote. Na msirushe sura za watu bila ridhaa yao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria kuna heshima. Wapo wasiotaka bibi harusi aonekane hadharani. Andikeni kipengele cha ruhusa ya picha kwenye mkataba, mkisome na familia, na wakikataa, onyesheni mapambo na chakula, sura ziacheni. Familia iliyoheshimiwa itawasemea mahali ambapo simu yenu haifiki.

Wahitimu, wapo mafundi wenye mikono ya ajabu waliofunga biashara, na kila nikimfikiria mmoja wao naumia, kwa sababu kazi yake haikuwa na kasoro. Alikuwa akionekana mwezi mmoja na kupotea mitatu, na kamati hazikuwa na mahali pa kumkuta. Sitaki kipaji cha hata mmoja wenu kiende hivyo. Hamhitaji mtaji mkubwa kuliepuka hilo. Mnahitaji simu, bando, daftari, kalenda, na saa moja ya Jumanne mnayoilinda mwaka mzima, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, mkiwa na oda nyingi na mkiwa hamna hata moja.

Jumanne ijayo ndiyo ya kwanza. Kazi mliyoionyesha leo pale nje inatosha kuanzia: pigeni picha kabla hamjaishusha, muombe ruhusa kwa mnaowapiga, muwataje walimu waliowafundisha. Jumanne inayofuata fanyeni tena. Msiulize wangapi wamependa. Ulizeni kama mmetimiza. Baada ya mwaka mtakuwa na kazi 50 zinazoonekana na yeyote anayewatafuta, na kamati itakayokaa usiku kutafuta mtu wa kumwamini itawakuta mpo.

Hongereni sana kwa kuhitimu. Mwenyezi Mungu abariki mikono yenu, awape uaminifu, na awape harusi nyingi za kuzipamba.