Mwano wa Usiku: Jinsi Sungusungu Walivyojipanga

Leo tupo Kahama, mpakani mwa Shinyanga na Tabora, miaka ya 1981 na 1982. Wanakijiji wenye pinde na mishale walijipanga kuwakabili wezi wa ng'ombe wenye bunduki, na wakawaweza. Hao ndio walioitwa Sungusungu. Wengi wanaposimulia habari za Sungusungu huanza na dawa na viapo. Viapo vilikuwapo, na vilikuwa na uzito. Lakini leo tuwatazame Sungusungu kwa jicho la askari wa miguu: walikaa wapi, walipashana habari vipi, nani alimfuata nani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa.

Kwanza hali ya wakati ule. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na vita vikaisha mwaka 1979. Vilipoisha, silaha zilikuwa zimetapakaa, na nyingine ziliangukia mikononi mwa majambazi. Usukumani na Unyamwezini ng'ombe ndiye akiba ya nyumba, ndiye mahari ya kijana. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, askari wachache, mafuta ya gari hayapatikani. Mpaka taarifa ifike, kundi la ng'ombe limeshavuka wilaya.

Sasa, aliyepitia mgambo anajua seksheni ni nini: watu kama kumi chini ya koplo. Seksheni ikiambiwa ilinde mahali, jambo la kwanza ni kuhakikisha adui haifikii bila kujulikana. Wanawekwa walinzi wa mbele, na ishara itakayotolewa inakubaliwa mapema. Sungusungu walikuwa na mwano, ile kelele ya hatari ambayo Wasukuma na Wanyamwezi wameirithi kwa babu zao, na filimbi iliyotengenezwa kwa kikonyo cha kibuyu. Mwano ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na silaha yake. Asiyetoka anatozwa faini, na akizidi ukaidi anatengwa: hasalimiwi wala hasaidiwi shambani.

Fikiria usiku wenyewe. Zizi limevunjwa, ng'ombe wanaswagwa kuelekea porini. Mwenye mali anapiga mwano. Jirani anaudaka na kuupeleka mbele, na wa kijiji cha pili vivyo hivyo. Ng'ombe hawafichiki na hawakimbizwi usiku kucha. Mwendo wao ni wa kutembea. Sauti ya mwano haitembei, inaruka. Kwa hiyo mwizi akiwa bado njiani, vijana wa vijiji vilivyo mbele yake wameshaamka. Wengine wanafuata alama za kwato, ambazo kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika huonekana kama mhuri kwenye karatasi. Wengine wanatangulia kwenye vivuko na njia nyembamba, mahali ambapo ng'ombe lazima wapite.

Askari huuita mpango huo ulinzi wenye kina. Hauweki nguvu zote kwenye mstari mmoja ambao ukivunjwa mambo yamekwisha. Anayepenya wa kwanza anamkuta wa pili yuko macho, na wa tatu vilevile. Mwenye bunduki anaweza kuwatisha watu wa kijiji kimoja. Hawezi kupiga risasi vijiji sita vinavyomjia kutoka pande zote, gizani, huku kila mlio wa bunduki yake ukitangaza mahali alipo. Upinde haulii.

Kuna hatari moja ambayo kila mkufunzi wa mgambo huionya. Watu wote wakikimbilia upande mmoja, upande wa pili unabaki wazi, na mwizi mjanja anaweza kuanzisha zogo kaskazini ili avunje zizi la kusini. Ndiyo maana seksheni inalinda pande zote, na ndiyo maana lazima wabaki watu wa akiba.

Vizuizi pia vina kanuni yake. Zamani za mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, vijiji vingi vya Unyamwezi vilizungushiwa maboma ya miti na minyaa. Mpaka leo ukipita Shinyanga utauona mnyaa ukiwa ua wa nyumba; utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Lakini ua usio na mtu wa kuutazama unamchelewesha mwizi kwa muda wa kukata matawi kwa panga, basi. Kizuizi ni cha kumchelewesha adui mbele ya macho ya mlinzi.

Na kwa nini Sungusungu walijipanga upesi hivyo? Kwa sababu vijana walishazoea kupangwa. Usukumani kila kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana katika kazi za pamoja, na kulikuwa na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Sungusungu nao wakaweka uongozi wao, ntemi juu na makamanda chini yake. Ndani ya muda mfupi harakati hizo zilienea Usukuma, pamoja na Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza.

Liko jambo linaloniuma katika historia hii, na lazima lisemwe. Katika ulinzi hakuna anayerusha mshale kabla ya amri, na aliyekamatwa hapigwi. Mkoa wa Shinyanga ulilijua hilo kwa uchungu: mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya mahabusu kuteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Hata hivyo baadhi ya Sungusungu walipiga watuhumiwa, na wako vikongwe waliosumbuliwa kwa tuhuma za uchawi. Hapo walinzi waliwageukia watu waliopaswa kuwalinda. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwaingiza Sungusungu ndani yake, wakapata mamlaka ya kukamata, na pamoja nayo wajibu wa kumkabidhi mtuhumiwa akiwa hai.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi nyuma hadi mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Mwanza na kushuka kusini kupitia Shinyanga, Tabora ikiwa mbele yao.