Ndugu Watatu na Santuri Yao ya Kwanza

Wengi wetu tumepata kuimba katika kwaya, nasi twaijua shida yake: kila mwimbaji apenda sauti yake isikike kuliko ya jirani. Leo twataka kuwapa habari za ndugu watatu wa kike walioishinda shida hiyo, na habari za watu waliowafundisha pasipo kupokea ujira.

Ndugu hao ni Martha, Connie na Vet Boswell, watu weupe waliokulia katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Tangu utoto walifundishwa muziki wa Ulaya. Martha alipiga piano, Vet alipiga fidla, na Connie alipiga fidla kubwa iitwayo selo, ambayo mpigaji huketi. Connie hakuweza kutembea tangu utoto wake, naye aliimba mbele ya watu ameketi.

Lakini mji ule ulikuwa na chuo kingine kisicho na kuta. Watu weusi waliimba makanisani, mitaani na katika majumba ya michezo, na ndugu hao wakatega masikio. Baadaye Connie alisema kwamba katika utoto wake alimpenda sana Mamie Smith, mwanamke mweusi ambaye sauti yake ilianza kutiwa katika santuri mwaka 1920. Tukumbuke kwamba siku zile sheria ziliwatenga weupe na weusi shuleni na katika magari. Sheria iliwazuia watu wasiketi pamoja, lakini haikuweza kuzuia sauti isipenye ukutani.

Mwezi wa Machi mwaka 1925 kampuni ya Victor ilitia sauti zao katika santuri papo hapo New Orleans. Martha alikuwa na umri wa miaka 19, Connie 17, na Vet 13 tu. Waliimba mbele ya pembe kubwa, na mtikisiko wa sauti ukaisukuma sindano ikachora nta. Mwenye sauti ndogo hakusikika vema, kwa hiyo ilipasa kuimba kwa nguvu. Santuri ile haikuwaletea sifa kubwa. Ilipita miaka mitano, hata mwaka 1930, ndipo walipoanza tena kazi ya santuri. Wakati huo maikrofoni ya umeme ilikwisha chukua mahali pa pembe, na hata sauti ya upole ilisikika wazi.

Je, uimbaji wao ulikuwa wa namna gani? Sauti zao tatu zilikaribiana mno, hata msikilizaji asiweze kujua huyu aishia wapi na yule aanzia wapi. Katikati ya wimbo waliugeuza mwendo, mara wa polepole, mara wa haraka. Na tuni ya furaha wakaigeuza kuwa ya huzuni. Wakuu wa kampuni waliwahimiza waufuate wimbo kama ulivyoandikwa, maana waliogopa kwamba wanunuzi hawatautambua. Walakini ni mageuzi hayo hayo yanayofanya santuri zao zisikilizwe hata leo.

Mwaka 1936 waliacha kuimba pamoja. Mwaka uliofuata Andrews Sisters, ndugu watatu wengine waliojifunza kwa kuwaiga, walipata sifa kubwa kwa santuri zao.

Lakini kabla ya hayo lilitokea jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 1934, katika Apollo Theater mjini New York, msichana mweusi wa miaka 17 alishinda mashindano kwa kuimba kwa namna ya Connie. Jina lake Ella Fitzgerald, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote. Basi tazameni jinsi deni lilivyolipwa. Elimu iliyotoka kwa waimbaji weusi ilipita katika kinywa cha msichana mweupe, ikarudi kwa binti mweusi, naye akaizidisha.

Enyi walimu na wanafunzi, mkutanapo jioni kwa mazoezi ya kwaya, jaribuni jambo hili. Kila mmoja apunguze sauti yake mpaka aisikie ya jirani, kisha imbeni. Na mtu akiwafundisha wimbo mzuri, awe nani awaye, msisahau kulitaja jina lake.