Upimaji wa Kifua Kikuu kwa Mbuzi Kansay: Tatizo la Siku ya Tatu

Mada kwa maafisa mifugo, wakaguzi wa nyama na watumishi wa zahanati, Kata ya Kansay, Wilaya ya Karatu

Utangulizi

Nimeombwa nieleze maambukizi ya kifua kikuu kwa mbuzi na namna ya kuyapima. Sehemu ya kwanza nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mliisoma chuoni.

Kifua kikuu huletwa na kundi la bakteria wanaofanana sana. Yule wa binadamu alitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Kwa mifugo yetu anayehusika zaidi ni Mycobacterium bovis, na huko Hispania mbuzi hupata pia ndugu yake, Mycobacterium caprae. Mbuzi huambukizwa kwa hewa anapolala na mgonjwa, na kitoto chake huambukizwa kwa maziwa. Dalili ni kukonda, kukohoa na tezi kuvimba, lakini wengi hawaonyeshi chochote mpaka ugonjwa umeshika.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akiwemo Kazwala, walichapisha taarifa kuwa M. bovis ametengwa kutoka kwa Watanzania waliokuwa na uvimbe wa tezi za shingo. Mwaka 2005 taarifa nyingine ilieleza maambukizi kwa wanyamapori wa Serengeti na Tarangire. Sisi tupo katikati ya hayo yote. Kwenye boma la Muiraqw au la Mmang'ati, mbuzi, ndama na watoto wanakaribiana usiku kucha.

Kipimo na siku ya tatu

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo kazi yetu inapoharibikia.

Kipimo tunachokitegemea ni cha ngozi, kile cha kulinganisha. Unanyoa sehemu mbili shingoni, unapima unene wa ngozi kwa kalipa na kuandika. Kisha unachoma ndani ya ngozi tuberkulini ya ndege sehemu moja na ya ng'ombe sehemu nyingine, mililita 0.1 kila moja. Ukipapasa ukakuta kijipele kidogo, umechoma vizuri. Usipokikuta, sindano imepita chini ya ngozi na mbuzi huyo hajapimwa, hata kama jina la mfugaji limeandikwa kwenye fomu. Saa 72 baadaye unarudi kupima tena.

Chukueni mfano. Upande wa ng'ombe ngozi imetoka milimita 3 ikafika 8, imeongezeka 5. Upande wa ndege imetoka 3 ikafika 5, imeongezeka 2. Tofauti ni 3. Kwa ng'ombe tunasema mgonjwa ni yule anayezidi 4, kwa hiyo huyu angeitwa tata na kupimwa upya. Lakini huyu ni mbuzi, ngozi yake ni nyembamba, na watafiti hawajakubaliana kikomo kimoja cha mbuzi. Wako wanaotumia 4, wako wanaoshuka chini zaidi. Mbuzi huyohuyo ni mgonjwa kwenye taarifa moja na mzima kwenye nyingine. Nimeshaona takwimu za namna hiyo zikiwekwa kwenye jedwali moja bila neno la tahadhari, na nasema wazi kwamba jambo hili halivumiliki.

Hata kikomo kikikubalika, bado kuna hiyo siku ya tatu. Mfugaji anayeambiwa Jumatatu kwamba Alhamisi atajua mbuzi wake yupi ana ugonjwa, ana siku mbili za kufikiri. Mnada uko karibu, ada ya shule inadaiwa, na sijaona mfugaji wa eneo hili akilipwa fidia ya mbuzi mmoja. Alhamisi unafika na kalipa mkononi, unaambiwa yule jike mwenye uvimbe mkubwa "amepotea". Simlaumu. Sisi ndio tuliomweleza hasara bila kumweleza msaada. Lakini mbuzi huyo sasa yuko kwenye zizi la mtu mwingine, na takwimu zetu zimebaki na wazima peke yao.

Kipimo chenyewe kinadanganya pia pande zote mbili. Mbuzi dhaifu kwa minyoo au njaa, aliyezaa karibuni, au aliyelemewa na ugonjwa, anaweza asivimbe kabisa. Aliyepimwa juzi ngozi yake imechoka, na ni lazima kusubiri siku 42 au zaidi. Kipimo cha damu kipo, lakini damu inatakiwa ifike maabara ndani ya saa chache ikiwa bado hai. Kwa barabara ya kutoka hapa wakati wa masika, kila mmoja wetu anajua ugumu wake.

Neno kwa wakaguzi wa nyama. Majipu ya tezi yanayoletwa na bakteria mwingine huandikwa kifua kikuu mara nyingi mno. Pasueni jipu. Usaha mzito wa kijani uliopangika matabaka kama kitunguu, mara nyingi ni majipu ya kawaida. Uvimbe wa manjano, mkavu, wenye chokaa inayokwaruza kisu, hasa kwenye tezi za koo na za mapafu, huo ndio wa kushuku. Jicho pekee halitoshi. Sampuli iende maabara, na maabara iombwe kuotesha kwenye chakula chenye pairuveti, kwa kuwa M. bovis huota kwa shida kwenye kile chenye gliserini tupu.

Mapendekezo

Asianze mtu kupima kabla ya kuhakikisha usafiri na mafuta ya kurudi siku ya tatu. Anayechoma ndiye asome, kwa kalipa ileile. Tuberkulini ikae kati ya nyuzi 2 na 8 mpaka zizini.

Kila taarifa itaje kikomo kilichotumika, na vipimo vyote vinne vya kila mbuzi viandikwe ili anayekuja aweze kukokotoa upya. Nawaomba wenye mamlaka juu yetu, kwa heshima zote, watoe mwongozo wa kikomo cha mbuzi. Tusitumie cha ng'ombe kwa mazoea.

Mbuzi wote wavalishwe hereni kabla ya sindano, na mazungumzo ya nini kitafanyika kwa atakayevimba yafanyike kabla, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Halmashauri ifikirie mfuko mdogo wa kufidia au kumnunua mbuzi huyo kwa ajili ya uchunguzi machinjioni. Narudia jambo la fidia kwa makusudi: bila hiyo, tutaendelea kuwapima wazima.

Mkaguzi apate orodha ya hereni za waliovimba. Asipoipata, kurudi siku ya tatu kunakuwa bure.

Zahanati nazo, mgonjwa mwenye tezi za shingo aulizwe kama anakunywa maziwa mabichi na kama ana mifugo. Tunauliza kwa sababu kipimo cha Xpert huonyesha kundi zima la bakteria wa kifua kikuu bila kutenganisha wa ng'ombe, na huyo wa ng'ombe kwa asili hasikii dawa ya pirazinamidi. Jibu la mgonjwa kuhusu maziwa na mifugo liandikwe kwenye faili na limfikie afisa mifugo wa kata. Maziwa ya mbuzi yachemshwe kama ya ng'ombe, na ujumbe huu utolewe kwa Kiiraqw na Kimang'ati, siku ya kliniki ya watoto, wakati akina mama wote wapo.